Mkono Ambao Sista Hakuupima

Mashine yangu ya fotokopi haikununuliwa ili watu waiwekee mikono. Niliileta hapa Makutano mwaka wa tisini na sita, imefungwa kwa godoro juu ya lori la viazi, na siku hiyohiyo nikabandika karatasi ukutani: USIEGEMEE. Wanasema sisi Wameru hasira zetu ziko karibu. Ni uongo, na atakayeurudia mbele yangu ataniona. Ila kile kioo ndicho kilichokuwa kinanilisha, na mtu akikigusa na vidole vya mafuta ya mandazi nilimwambia maneno ambayo mama yake mzazi hajawahi kumwambia.

Kwa hivyo Sista Nkirote aliponijia mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tisa, akaniambia anataka kuniletea vijana mia moja, kila mmoja aweke mkono wake wa kulia juu ya kioo changu, nilidhani baridi ya Julai imempanda kichwani.

"Mikono ya nini, Sista? Unafungua kiwanda cha glavu?"

"Ni ya utafiti," akasema. "Na usinicheke, Mukami. Weka chai."

Nikaweka chai. Nkirote akisema weka chai, unaweka.

Huyu mama alikuwa nesi wa serikali miaka ishirini na miwili, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi wake naye akaambiwa aende nyumbani akalime. Alilima, lakini jina la Sista halikubanduka, wala viatu vyeupe hakuvivua. Alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kupima presha, ile ya zebaki, ndani ya sanduku la mbao, na aliibeba kila mahali kama wengine wanavyobeba Biblia. Jumapili, ibada ikiisha, alikaa kwenye benchi nje ya kanisa na kuwaita wazee kwa maneno mawili tu: "Lete mkono." Hata mwenyekiti wa kanisa alikuwa anauleta. Ukianza kujitetea ati wewe ni mzima, anakukatiza: "Mficha maradhi kilio humfichua. Lete mkono."

Alikuwa na sababu. Mumewe, Baba Mithika, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mcheshi, mwenye shingo nene. Miaka yote ile mkewe akipima mikono ya watu baki, yeye wake alikataa usiguswe. "Mimi ni mume wako, si mgonjwa wako," alikuwa anamwambia, na wageni wanacheka. Mwaka wa themanini na nane, akiwa anaandika ubaoni, chaki ikamtoka mkononi. Kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Watu wakasema amerogwa, wakamtaja jirani, wakamtaja hata mwalimu mkuu. Nkirote hakumtaja mtu. Alijua kilichomuua ni nini, na alijua kwamba mashine ya kukigundua ilikuwa chini ya kitanda walicholalia.

Sasa huo utafiti. Ulikuwa wa daktari mmoja kijana, Njue, mtu wa Embu, mzaliwa wa mtaa wa Majimbo, aliyekuwa anasomea digrii nyingine huko Nairobi. Alikuwa mpole mpaka ananiudhi. Unamfokea, anakuuliza kama umekula. Alikuwa amemaliza kupima vijana wa kwao Embu, na sasa alitaka wa Meru, wa miaka kumi na minane hadi ishirini na mitano, wazima kabisa, wasio na ugonjwa wowote. Aliketi kwenye kiti changu cha wateja akaniambia niangalie mkono wangu.

"Kidole cha shahada na kidole cha pete. Kipi kirefu?"

Nikaangalia. Miaka thelathini na minane nilikuwa sijawahi kuviangalia kwa nia hiyo. "Ni kama sawa."

"Wanaume wengi cha pete kinazidi. Kuna wanaosema tofauti hiyo hupangwa mtoto akiwa bado tumboni. Mimi nataka kujua kama kwa kijana mzima, vidole hivi viwili na presha yake vina uhusiano wowote."

"Na kama vina?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana napima."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Nimeona wasomi wengi wakipita hapa Makutano, na wachache sana wanajua kusema sijui. Jirani yangu Mzee Rage, mwenye duka la vitambaa, yeye hakumheshimu. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Vidole vya mkono havilingani, hata mtoto mchanga anajua! Huyu amesoma miaka yote hiyo kuja kuuliza hilo?"

Basi tukaanza. Chumba changu cha nyuma kikageuka kliniki. Kijana anaingia, anakaa kimya dakika tano, Nkirote anamfunga kile kitambaa kwenye mkono, anapuliza mpira, anasikiliza kwa vifaa vyake masikioni, anaandika namba ya juu na ya chini. Anarudia mara tatu. Halafu kijana anakuja kwangu mbele, anaweka mkono kwenye kioo, taa inapita, karatasi inatoka, tunaiandika namba ileile iliyo kwenye kadi yake. Akitoka anapewa soda na nusu mkate.

Siku ya tatu hakuja mtu hata mmoja. Kumbe mhubiri mmoja pale stejini, matatu zinapopakia, alikuwa amewatangazia kwamba ile mikono ya karatasi inapelekwa kwa waabudu shetani. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inawaogopa waabudu shetani. Hata mtu akivaa pete kubwa anaangaliwa vibaya. Nilichemka. Nilitaka kutoka nikamtafute huyo mhubiri, lakini Mzee Rage alinitangulia. Alipita mbele ya watu wote mchana kweupe, akaingia kwangu, akasema "Bismillahi," akaweka mkono wake wa miaka sitini na tano juu ya kioo. Karatasi ilipotoka akaenda kuibandika mlangoni pa duka lake. "Shetani akinitaka," akawaambia, "anwani ndiyo hii." Kesho yake foleni ilifika kwa fundi wa viatu.

Nkirote hakuwa na mchezo na kazi ile. Kijana akiingia anamwambia afungue mdomo. Akiona rangi ya kijani kwenye meno, basi. "Umetafuna miraa. Moyo wako unakimbia kama mbuzi wa kule Maua. Nenda ukalale, urudi kesho." Wengine walirudi mara tatu. Kuna siku Njue alileta mwanafunzi wa kumsaidia, na yule mwanafunzi, kwa uvivu tu, akamwandikia mtu namba bila kurudia kipimo. Nkirote aliichana ile kadi mbele yake. "Ukiandika ambacho hukusikia, umemwandikia mtu kifo," alimwambia. Sauti yake niliisikia mpaka mbele, na mashine ilikuwa inanguruma.

Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu ya kilichotokea Jumamosi ya pili.

Tulikuwa tumefika namba themanini na nne. Njue alikuwa ameshuka Embu. Saa nne hivi wakaingia vijana watatu kutoka Timau, wafanyakazi wa shamba la ngano, siku yao ya mapumziko. Walikuwa wamesikia habari za soda. Wawili sikuwajua. Wa tatu alikuwa Mithika, mtoto wa pekee wa Nkirote, dereva wa trekta, miaka ishirini na mitatu, mrefu mpaka anainama mlangoni.

Hapa lazima niwaeleze mila yetu, maana mtu wa mbali anaweza kudhani Nkirote ni mama asiye na moyo. Kwetu, mtoto wa kiume akitoka jandoni si mtoto tena. Analala nyumba yake, na mama yake hakanyagi humo. Hamtumi, hamkaripii, hamshikashiki. Salamu ya mkono haina neno. Lakini kumkunja shati, kumfunga kitu mwilini, kumwambia kaa hapa, nyamaza, usitikisike? Huko ni kumrudisha kuwa mwiji, yaani mvulana asiyetahiriwa, na kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo. Siku hizi mjini watu wameanza kulegeza. Nkirote hakulegeza hata uzi. Alikuwa mjane, na mjane anaangaliwa. Mithika alipotahiriwa, Desemba ya tisini na mbili, baba yake mdogo aitwaye Kaberia alisimama mbele ya watu akamwambia Nkirote: "Tumesikia ya kwamba huyu analelewa na leso. Kuanzia leo ni wetu. Tusisikie umemshikashika tena." Basi miaka saba hakuwahi kumshika zaidi ya kumpa mkono.

Wale wenzake wawili walipimwa, wakawa themanini na tano na themanini na sita. Halafu Mithika akakaa kwenye lile benchi. Mama yake akasimama mbele yake, kitambaa cha kupimia mkononi. Mwanawe anaangalia sakafu, naye anaangalia ukuta. Wale wawili walikuwa mlangoni na soda zao, na mmoja akanong'ona, "Ala! Mathee ndiye anampima?" Mwenzake akaguna kicheko.

"Mukami," Nkirote akasema bila kugeuka, "mpeleke kwenye fotokopi kwanza."

Nikampeleka. Akaweka mkono wake mwenyewe, mkono mkubwa, mzuri, taa ikapita. Akachukua mkate wake akaondoka na wenzake. Niliporudi nyuma na karatasi, kadi yake ilikuwa imeshajaa. Juu mia moja na kumi na nane, chini sabini na sita. Kile kitambaa kilikuwa kimekunjwa ndani ya sanduku.

Nilimwangalia. Akafunga sanduku.

"Kijana wangu ni mzima," akasema, na mimi sikuwa nimemuuliza. "Hanywi, havuti sigara. Si unamwona?"

Nilimwona. Nilimwona na yeye pia. Mimi, ninayemfokea mtu kwa alama ya kidole tu kwenye kioo, siku hiyo nilimeza ulimi. Nilijiambia ni namba moja kati ya mia, nikajiambia mganga hajigangi, nikajiambia ya mama na mwanawe yananihusu nini. Mtu akitaka kunyamaza hakosi methali ya kumsaidia.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha, wateja hakuna. Nkirote alikuwa kwenye meza yangu ya mbele na rula, anapima vidole kwenye karatasi kama Njue alivyomfundisha, kutoka mkunjo wa chini mpaka ncha, shahada kwanza, halafu pete. Mimi naandika anachosema. Milimita sabini na tatu, sabini na tano. Sabini, sabini na mbili. Kazi ya kulaza mtu usingizi.

"Themanini na saba," akasema. "Shahada sabini na moja. Pete..."

Nikangoja. Kalamu mkononi.

"Pete ngapi, Sista?"

"Sabini na nane."

Sauti haikuwa yake. Nikainua macho. Alikuwa ameweka rula chini, na kiganja chake amekilaza juu ya ile karatasi, kidole juu ya kidole.

"Huyu ni Baba Mithika," akasema.

"Ni Mithika, Sista. Umechoka. Wacha tupumzike."

"Najua ni Mithika! Sijawa mwendawazimu." Akaisukuma karatasi kwangu. "Tazama hiki cha pete kinavyowaacha wenzake. Tazama hiki kidogo kilivyopindia ndani. Mkono huu nimelala nao miaka kumi na mitano, Mukami. Mkono wa mwanangu sijauangalia tangu atoke jandoni. Sikujua umekuwa huu."

Na akaanza kulia. Nilikuwa simjui akilia; hata kwenye mazishi ya mumewe ndiye aliyekuwa anawapa wengine maji. Nikasema nililokuwa nimelibana siku nne.

"Hukumpima."

"Sikumpima."

"Nilikuona."

Akainua uso. "Uliniona? Na ulinyamaza kwa nini?"

"Na wewe uliandika kwa nini?"

"Usinipandishie sauti!"

"Ni wewe unapandisha! Ulimchania mwanafunzi wa watu kadi, ukamtia aibu, na wewe ukaandika ya mwanao kwa macho!"

Tulifokeana pale mpaka Mzee Rage akachungulia kwa mlango, akaona sura zetu, akajirudia zake. Tulipochoka, Nkirote akajipangusa kwa ncha ya leso.

"Vidole si kitu," akasema polepole. "Njue mwenyewe hajui vinasema nini. Lakini mwenye mkono huu wa kwanza alikufa nikiwa na mashine chini ya kitanda. Na huyu wa pili nimemwandikia namba ya uongo. Naogopa, Mukami. Naogopa sana."

"Kesho tunaenda Timau," nikamwambia.

"Siwezi kuingia nyumbani kwake."

"Nani amekwambia uingie? Tutasimama nje tugande kama kuku."

Na kweli tuligandia nje. Timau si mahali pa mchezo. Upepo unatoka mlimani moja kwa moja na kupita ngano zote zile bila kukutana na kizuizi, mpaka unakukuta wewe. Tulifika saa ya chakula cha mchana. Wafanyakazi walikuwa wamekaa nje ya nyumba zao za mabati na sahani za githeri. Mithika alipomwona mama yake na lile sanduku, aliinuka sahani ikamwagika.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna," Nkirote akasema. "Bado."

Mimi ndiye niliyemweleza, kwa sababu mama yake alikuwa anaongea na viatu vyake. Nilimwambia kwamba Jumamosi hakupimwa presha, na tumekuja kumpima. Aliangalia wenzake, waliokuwa wameacha kutafuna. Akacheka kicheko kikavu.

"Anti, mimi ni mzima. Jana nimebeba magunia arobaini. Rudini nyumbani, baridi itawaua."

Mimi ni mzima! Nilitamani kumzaba kofi, na si mwanangu. Lakini nilikuwa nimekuja na mpango. Tulikubaliana njiani kwamba mimi ndiye nitakayemshika, Nkirote aelekeze tu kwa mdomo. Mimi si mama yake, mimi ni mwanamke wa fotokopi; nikimfunga kitambaa hakuna mila inayovunjika. Nikamkalisha juu ya kreti ya soda. Nikamfunga kile kitu, Nkirote akasema ni juu chini. Nikakigeuza. Nikapuliza mpira.

"Anti, unanikata mkono!"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikaweka vifaa masikioni, nikasikiliza. Nilichosikia ni trekta la mbali na moyo wangu mwenyewe. Nikapuliza tena. Mtu mmoja akasema, "Mithika, leo utazaa!" na kicheko kikazidi. Mithika akasimama, akaanza kuking'oa kitambaa.

"Imetosha, Mama. Mnanifanya mwiji mbele ya watu."

Hapo ndipo Nkirote alipofungua mkoba akatoa ile fotokopi. Upepo ulikuwa unataka kuinyakua, akaishika kwa mikono miwili.

"Mithika," akasema kwa Kimeru, na hakusema kwa sauti ya Sista. "Mimi sikuamrishi. Wewe ni mwanamume, nami nimeliheshimu hilo miaka saba, hata pale nilipotaka kukushika. Huu ni mkono wako. Baba yako alikuwa na mkono huuhuu. Alikataa nisiupime, akiwachekesha wageni, na mimi nikacheka nao. Niliposhika mkono wake bila kukatazwa, ulikuwa umeshapoa. Mara hii sitacheka. Naomba mkono."

Nilimsikia Nkirote akiwaamuru nusu ya Meru walete mkono. Sijawahi kumsikia akiomba.

Mithika alisimama pale na kitambaa kikining'inia. Kulikuwa na mzee mmoja kati ya wale wafanyakazi, mwenye koti la jeshi lililochakaa. Aliweka sahani yake chini, akasimama, akageuka akaangalia ngano, mgongo kwetu. Aliyekuwa karibu naye akageuka. Halafu mwingine. Mpaka yule aliyesema utazaa naye akageuka, na wote wakawa wanaangalia shamba kana kwamba kuna kitu kinapita huko.

Mithika akakaa. Akanyoosha mkono.

Nkirote akapiga magoti kwenye nyasi, akamkunja shati taratibu. Akamfunga kile kitambaa, akashika mpira. Akapima. Akangoja. Akapima tena. Mara ya tatu alifunga macho wakati anasikiliza. Halafu akanitajia namba: mia moja themanini na nne, na ya chini mia moja na kumi na sita.

"Ni mbaya?" Mithika akauliza.

"Ni mbaya."

"Kama ya baba?"

"Ya baba yako sikuwahi kuijua," akasema. "Hii nimeijua. Hii ina dawa."

Hakumwachilia mkono haraka. Wala kijana hakuuvuta. Wale wanaume walibaki wakiangalia ngano mpaka githeri ikapoa.

Njue aliporudi kutoka Embu, Nkirote alimweleza yote, amesimama wima, hakujitafutia udhuru. Nilingoja yule mpole hatimaye apandishe hasira. Hakupandisha. Aliuliza kwanza kama Mithika ameshaanza dawa. Alipoambiwa ameanza, akachukua kadi kumi bila kuchagua, akaenda kuwatafuta wenyewe na kuwapima upya mwenyewe, siku tatu nzima, na namba zote zikakaribiana na alizoandika Nkirote. Basi akafuta namba themanini na saba kwa kalamu nyekundu. "Utafiti ni wa vijana wazima," akasema. "Huyu si wangu." Nkirote akaomba ile karatasi ya mkono, akapewa.

Vidole vilisema nini mwishowe? Nilimuuliza Njue mwaka uliofuata. Akasema bado anahesabu, na kwamba hata vikisema kitu, vitasema juu ya watu wengi kwa pamoja, si juu ya mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Nikamwambia kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako kuna Sista. Akacheka, akaniuliza kama nimekula.

Kaberia, yule baba mdogo, naye alikuja. Habari za Timau zilimfikia kabla ya mwezi kwisha, akaingia dukani kwangu akitaka kujua ni mwanamke gani anamfunga mtoto wa ukoo wao vitambaa mbele za watu. Nilikuwa nimeshashika kiuno, tayari kumjibu. Nkirote akatoka chumba cha nyuma. Akamwangalia shemeji yake, shingo ile nene, jasho lile la bure siku ya baridi. Kisha akaangalia mkono wake uliokuwa umeegemea mashine yangu, kidole cha pete kimewaacha wenzake.

"Lete mkono," akamwambia.

Kaberia akauleta. Leo anameza dawa zilezile za Mithika, na bado anasema mila zinaharibiwa na wanawake wa Makutano.

Mithika hushuka kutoka Timau kila mwisho wa mwezi. Haendi kupimwa nyumbani kwa mama yake, wala mama haendi kwake. Wanakutana kwangu, mahali pasipo pa mtu, kwenye lile benchi la nyuma. Nafunga mlango, nakaa mbele, nafokea wateja. Nkirote hajawahi kumwambia yale maneno mawili anayomwambia kila mtu. Kijana anaingia akiwa amekunja shati mwenyewe mpaka begani, tangu kule stejini, hata Julai, na baridi yote ile.